Kwa nini TB haipimwi kwa damu kama malaria? Habari ya eksosomu na maikroRNA

Swali ni la dadangu. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi ya watoto, asubuhi na mapema, binti yake wa miaka minne kalala mapajani na machozi yamemkaukia mashavuni kwa sababu muda mfupi nyuma nesi alikuwa amempitisha mpira mwembamba puani mpaka tumboni kuvuta maji. Mtoto hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana usiku, ndo sharti lake hilo, maana mtoto mdogo hajui kutema, usiku anameza makohozi yake mwenyewe na asubuhi kabla hajala unayakuta humo tumboni. Dadangu akaniangalia akasema, "We si unafanya maabara? Malaria wanamtoboa kidole tu, robo saa jibu limetoka. Hii akafuba, hii TB, kwa nini hamuipimi kwa damu?"

Nilimjibu juujuu tu siku hiyo. Mtoto alikuwa amekohoa miezi miwili, kliniki moja ilimpa dawa ya maji mara tatu, kila mara wanasema ni kifua cha kawaida, mpaka nguo zake zikaanza kumpwaya. Kwa hiyo halikuwa swali la udadisi, na nimekaa nalo muda mrefu nikisoma, leo naandika jibu lenyewe jinsi nilivyolielewa. Jibu lina upande wa zamani ambao haufurahishi na upande mpya ambao mi binafsi unanipa matumaini, ila kwa tahadhari, na tahadhari yenyewe nitaieleza kwa sababu ndo sehemu ambayo watu wakiandika habari hizi wanairuka.

Tuanze na malaria. Mdudu wa malaria anaishi ndani ya damu, kwenye zile chembe nyekundu, kwa hiyo ukitoboa kidole umemkuta nyumbani kwake. Bakteria wa TB hakai hivyo. Anaingia na hewa mpaka chini kabisa ya mapafu, anakutana na seli ya ulinzi inaitwa makrofeji, kazi ya hiyo seli ni kumeza wadudu na kuwayeyusha kwa asidi, inammeza kweli, lakini huyu bakteria anajua kuzuia ule mfuko alimomezwa usiunganishwe na mfuko wa asidi. Sa anakaa humohumo ndani ya askari aliyetumwa kumuua, anakula, anazaana polepole, mara moja kwa karibu siku nzima. Mwili nao unamzungushia seli nyingine nyingi kama boma. Kwenye damu yenyewe inayozunguka unaweza kutafuta na usione kitu, hasa kwa mtu ambaye ugonjwa uko pafuni tu.

Ndo maana tangu Robert Koch alipotangaza kumgundua huyu bakteria tarehe 24 Machi 1882 hadi leo kazi yetu kubwa ni makohozi. Darubini ya kawaida inahitaji bakteria kama 5,000 hadi 10,000 kwenye mililita moja ya makohozi ndo uweze kumuona, chini ya hapo unaandika hasi na mgonjwa anarudi nyumbani nao. GeneXpert, ambayo WHO iliipitisha mwisho wa 2010 na Kampala ilikuwa moja ya sehemu zilizoshiriki kuijaribu, inatafuta DNA ya bakteria na jibu linatoka kwa chini ya saa mbili, na katriji yake mpya ya Ultra inaweza kunasa hata bakteria kama 16 kwenye mililita. Mashine nzuri sana, mi naiheshimu. Lakini lazima uipe kitu, na kitu chenyewe kikiwa ni mate badala ya makohozi hata mashine ya dhahabu haitakusaidia. Mtoto hatemi. Mtu mwenye HIV ambaye kinga imeshuka anakuwa na TB lakini makohozi hayana bakteria wa kutosha. Mwenye TB ya uti wa mgongo au ya ubongo anaweza asikohoe kabisa. Siku hizi kwa watoto kinyesi kinakubalika kwenye GeneXpert, WHO imeruhusu, na kwa wenye HIV kuna kipimo cha mkojo kinachotafuta kipande cha ukuta wa bakteria, hayo ni maendeleo si haba, ila pengo bado lipo.

Na Uganda hilo pengo linatugusa moja kwa moja. WHO imetuweka kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB na pia ile ya nchi 30 zenye mzigo wa TB pamoja na HIV. Yaani wagonjwa ambao makohozi yao hayasemi kitu, sisi tunao.

Sa mtu atasema, si walijaribu damu? Walijaribu. Kulikuwa na vipimo vya damu vya kutafuta kingamwili za TB, vikauzwa sana kwenye kliniki za binafsi za nchi nyingi, mtu analipa, anapewa karatasi. Julai 2011 WHO ilitoka waziwazi ikasema visitumike kabisa, kwa sababu vilikuwa vinawaambia wazima kwamba wanaumwa na wagonjwa kwamba ni wazima. Hiyo historia naomba uiweke kichwani mpaka mwisho wa makala, kwa sababu kila mtu anayekuja na kipimo kipya cha damu ya TB anapita kwenye kivuli chake.

Haya, tuje kwenye eksosomu.

Ukienda stendi za basi Kampala utaona watu wanatuma mizigo Arua, Gulu, Mbarara, bila wao wenyewe kusafiri. Unafunga vitu vyako kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, unapiga fundo, unaandika jina na namba ya simu, unampa konda, kule mwisho mtu anapokea. Seli za mwili zinafanya hivyohivyo. Karibu kila seli inafunga vitu vyake kwenye kaveera ndogo mno iliyotengenezwa kwa mafuta na kuitoa nje, inaingia kwenye damu, kwenye mate, mkojo, maziwa ya mama, mpaka kwenye maji ya uti wa mgongo, halafu inapokelewa na seli nyingine mbali huko. Kaveera hiyo ndo eksosomu. Upana wake ni nanomita 30 hadi 150 hivi, bakteria wa TB mwenyewe ana urefu wa nanomita 2,000 hadi 4,000, yaani ukizipanga mstari inaweza kuhitaji ishirini thelathini kufikia urefu wa bakteria mmoja. Waliziona mara ya kwanza mwaka 1983, timu mbili tofauti, moja Marekani na moja Canada, wakichunguza chembe changa za damu, na kwa miaka mingi wakadhani ni mfuko wa takataka tu, seli inatupa visivyohitajika. Mwaka 2007 watafiti wa Sweden wakaonyesha kwamba ndani mna RNA, mna maagizo, na maagizo hayo yakifika kwenye seli nyingine yanaweza kufanya kazi. Takataka ikageuka kuwa barua.

Barua zenyewe zinazotuhusu leo ni maikroRNA. Hapa nenda nami taratibu. DNA ni kitabu kikuu, hakitoki kwenye kiini cha seli, kinachotoka ni fotokopi ya ukurasa unaohitajika, kama unavyokwenda Nasser Road kutoa kopi na kitabu chako unarudi nacho. Hiyo fotokopi ndo inasomwa na mitambo ya seli kutengeneza protini. MaikroRNA ni kikaratasi kifupi sana, herufi kama 22 tu, hakitengenezi protini yoyote, kazi yake ni kwenda kugandama kwenye fotokopi ya mwenzake ili isisomeke au ichanwe kabisa. Kikaratasi kimoja kinaweza kugandama kwenye fotokopi nyingi tofauti, kwa hiyo seli ikiongeza au kupunguza aina moja tu mambo mengi yanabadilika kwa pamoja. Victor Ambros na Gary Ruvkun waliigundua hii mwaka 1993 kwenye mnyoo wa milimita moja, watu wakaona ni mambo ya minyoo, baadaye ikaonekana hata binadamu tunazo zaidi ya elfu, na mwaka 2024 wakapewa Nobel.

Sasa unganisha. Makrofeji iliyokaliwa na TB haiko sawa na makrofeji nzima, maikroRNA zake zinabadilika, nyingine mwili wenyewe umezipandisha ili upigane, nyingine bakteria ndo amesababisha ili apate raha. Mfano mzuri ni maikroRNA inayoitwa miR-33. Seli zetu zina tabia ya kukusanya uchafu wao wa ndani na kuuyeyusha, na bakteria aliyejificha anaweza kukusanywa humo. Utafiti uliotoka 2016 ulionyesha TB inapandisha miR-33 kwenye makrofeji, hiyo kazi ya usafi inapungua, na mafuta yanabaki ndani ya seli ambayo bakteria anayatumia kama chakula. Mwingine ni miR-29, ingawa huu unafanya kazi kwenye seli nyingine za kinga zinazosaidia makrofeji, unagandama kwenye fotokopi ya interferoni-gama, ambayo ni tarumbeta ya kuamsha makrofeji zipigane, na kwenye panya ambao miR-29 yao ilizimwa TB ilipata shida zaidi kuwashinda. Nilipoisoma hiyo nilisimama kidogo. Kikaratasi cha herufi 22 hakina mkono wala akili lakini kinaweza kuzima tarumbeta.

Na hiyo seli iliyokaliwa bado inafunga kaveera zake kama kawaida na kuzitoa, zikiwa na maikroRNA zilizobadilika pamoja na vipande vya protini za bakteria mwenyewe. Zinaingia kwenye damu. Kwa hiyo hata kama bakteria hayuko kwenye damu, habari zake zipo. Hilo ndo jibu ambalo ningempa dadangu pale benchini kama ningekuwa nimelipanga kichwani: hatumtafuti mdudu tena, tunasoma barua za seli anamokaa. Na kaveera inazilinda barua, kwa sababu RNA iliyo uchi kwenye damu inachanwa na vimeng'enya haraka sana.

Kuna timu ya Chengdu, China, ilichapisha mwaka 2019 kitu ambacho mi nakiona ni mwelekeo mzuri. Walichukua maikroRNA sita za kwenye eksosomu, miR-20a, miR-20b, miR-26a, miR-106a, miR-191 na miR-486, wakazipima kwa wagonjwa wa TB ya mapafu na wale wa TB ya ubongo, halafu wakazichanganya na taarifa za kwenye faili la mgonjwa, yaani dalili na vipimo vingine vya kawaida. Peke yake hizo maikroRNA zilisaidia kiasi, zikichanganywa na faili zikasaidia zaidi kwa kiasi kikubwa. Hapo kwenye TB ya ubongo ndo pananiuma roho, kwa sababu ile ukichelewa siku chache mtoto anaweza kufa au kubaki na ulemavu, na kupata bakteria kwenye maji ya uti wa mgongo ni kazi ngumu hata kwenye hospitali kubwa.

Sa ile tahadhari niliyoahidi. Angalia tena hiyo orodha, ya mwisho ni miR-486. Chembe nyekundu za damu zimejaa miR-486, pamoja na miR-451 na miR-16. Sa fikiria sampuli ya huku kwetu. Tunatoa damu kituo cha afya cha daraja la tatu, tunaiweka kwenye kibebeo na barafu, anakuja yule mtu wa pikipiki wa hub, yaani maabara kubwa inayokusanya sampuli za vituo vidogo, anapita vituo vingine vinne njiani, barabara ya murram, mvua imenyesha jana, mashimo kila mita kumi, anafika saa nane mchana. Mara ngapi nimefungua kibebeo nikakuta ile sehemu ya juu ya damu ambayo inatakiwa iwe ya njano kama maji ya chai ya tangawizi imekuwa nyekundu? Nyingi. Hiyo nyekundu maana yake chembe zimepasuka njiani, na zikipasuka zinamwaga maikroRNA zake humo, na mashine itakwambia miR-486 imepanda, wakati kilichopanda ni boda kwenye shimo. Mgonjwa hana kosa, dereva hana kosa, kipimo ndo kinatakiwa kijue hilo kabla hakijaja kwetu.

Lingine ni kutenganisha. MaikroRNA nyingi za kwenye damu hazisafiri kwenye kaveera, zinasafiri nje zimeshikwa na protini, na hata hizo kaveera zenyewe walipohesabu mwaka 2014 wakakuta unaweza kuhitaji zaidi ya eksosomu mia moja ndo upate nakala moja ya maikroRNA fulani ambayo ni ya kawaida. Kwa hiyo ni kama unatafuta barua moja kwenye stendi nzima. Njia ya heshima ya kuzitenga inataka mashine ya kuzungusha inayofika nguvu mara 100,000 ya uzito wa kawaida, kwa zaidi ya saa, na hiyo mashine usitegemee kuikuta kituo cha daraja la tatu ambacho umeme ukikatika tunasubiri. Kuna dawa za kuzigandisha zishuke chini bila mashine kubwa, rahisi zaidi, ila zinashusha na vitu vingine visivyotakiwa, na ndo sababu moja timu hii inasema maikroRNA fulani imepanda kwa wagonjwa, timu nyingine inasema imeshuka.

Halafu kuna hili ambalo kwangu ndo kubwa kuliko yote. Tafiti nyingi zinalinganisha wagonjwa wa TB na watu wenye afya wasio na shida yoyote. Lakini mtu mwenye afya asiye na shida haji kwetu. Anayekuja dirishani ni mtu anayekohoa, na kukohoa kwake kunaweza kuwa nimonia, pumu, moshi wa kuni wa miaka thelathini, kansa, na kwenye damu yake kuna HIV, juzi alikuwa na malaria, watoto wana minyoo. MiR-155 kwa mfano inapanda kwenye uvimbe na maambukizi ya aina nyingi, siyo TB peke yake. Kipimo kinachotofautisha mgonjwa wa TB na mwanafunzi wa chuo mwenye afya njema hakijatofautisha kitu ninachohitaji mimi. WHO mwaka 2014 iliweka kiwango chake, kipimo cha kuchuja kisichotumia makohozi kinatakiwa kinase angalau wagonjwa 90 kati ya 100 na kiwaachie angalau 70 kati ya 100 wasio na TB, na ni kati ya watu wa aina hiyo wanaokuja dirishani ndo kinatakiwa kufaulu.

Upande wa tiba nitaupita kwa haraka maana bado uko mbali zaidi. Wazo la kwanza ni kuziba maikroRNA ambazo bakteria anazitumia, mfano uzime miR-33 ili seli irudie usafi wake, dawa ya kumsaidia mwili badala ya kumpiga bakteria peke yake, na hilo lina utamu kwenye TB sugu kwa sababu bakteria hawezi kujenga usugu kirahisi dhidi ya kitu ambacho hakimgusi yeye. La pili ni kuitumia eksosomu yenyewe kama konda, unaipakia dawa inaipeleka makrofeji. Na la tatu limeshafika kwenye panya: timu ya Jeffrey Schorey, Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, mwaka 2013 walionyesha eksosomu za makrofeji zilizobeba protini za TB zinaweza kuwakinga panya kama chanjo, na mwaka 2019 wakawapa panya wagonjwa eksosomu za makrofeji zilizoambukizwa pamoja na dawa ya moxifloxacin, bakteria wakapungua kuliko dawa ikitumika peke yake. Panya lakini. Kwa binadamu dawa za maikroRNA zimeshaumiza watu, kuna moja ya kansa iliitwa MRX34 ambayo majaribio yake yalisimamishwa 2016 baada ya wagonjwa kupata madhara makubwa ya kinga na wengine kufariki. Kumbuka kikaratasi kimoja kinagandama kwenye fotokopi nyingi, ukikimwaga mwili mzima hujui zote zitakazochanwa. Kwa hiyo mtu akikuuzia eksosomu za kutibu TB leo, kwenye kliniki yoyote, usimpe hata shilingi. Dawa za TB ni zile za miezi sita kwa wagonjwa wengi, vituo vya serikali ni bure, na zinaponya.

Mtoto wa dadangu maji yake ya tumbo yalionyesha TB kwenye GeneXpert. Alikunywa vidonge vya kuyeyusha miezi sita, sasa anakimbia na wenzake na sauti yake naisikia kwenye simu kabla sijamsikia mama yake. Juzi dadangu akaniuliza tena, "Kaka, ile ya damu uliyokuwa unaisoma imefika?" Nikamwambia haijafika. Ikitaka kufika kwetu inatakiwa kwanza wachukue damu za watoto wanaokohoa wa Karamoja, Arua na Kampala, wenye HIV na wasio nayo, wenye malaria na wasio nayo, zipande pikipiki kama zinavyopanda kila siku, zikae juani kidogo kama zinavyokaa, ndo zipimwe, na waje watuambie namba ni ngapi. Akanyamaza kidogo akasema, "Basi wakija kutafuta watoto wa kutoa hizo damu waambie na huyu wangu yupo, kidole tu, si ule mpira."